Beti Alizomtungia Ichabba

Watu wa kwetu wakimtaja mume wangu siku hizi, humtaja kwa beti ambazo hawakubali kuwa ni zake. Miaka yote aliyofundisha Kisanskriti, lugha ya vitabu vyetu vya kale, pale shuleni, watoto aliowafinya masikio kwa kuharibu sarufi, nyimbo alizoimba asubuhi akichuma maua ya sala, hayo wameyasahau. Mimi sijayasahau. Nimebaki peke yangu katika nyumba hii ya vigae, na mvua ikianza kupiga kwenye mipopoo namsikia kama yuko barazani, anasafisha koo kabla ya kusema jambo.

Aliitwa Ishwara Bhatta. Akiwa hai sikulitamka jina hilo, maana kwetu mke halitamki jina la mumewe. Nilimwita Baba Girija, kwa jina la binti yetu. Alikuwa mwembamba, mwenye shingo ndefu, na alikuwa na tabia moja iliyonichosha na kunichekesha maisha yangu yote: hakuweza kumwacha mtu aondoke bila jibu. Mgeni akimuuliza njia asiyoijua, atamwonyesha njia. Nikizidisha chumvi kwenye mchuzi, ataomba aongezewe, nisije nikaona vibaya.

Ichabba aliletwa kwetu na basi bovu. Alikuwa fundi wa injini, za mabasi na za mashine ya kukoboa mpunga, na siku ile basi lilikufa chini ya shamba letu katikati ya masika. Abiria walijazana barazani wakitetemeka, na yeye akapanda kuomba mafuta ya nazi na kitambaa. Mume wangu alimpa, kisha akashuka naye, akamshikia mwavuli muda wote aliolala chini ya basi. Alirudi amelowa chapachapa, ila macho yanang'aa.

"Mama Girija," akaniambia, "yule mtu anaisikiliza injini kama mimi ninavyosikiliza beti. Ikikosea mizani anajua."

Tangu hapo ikawa jioni hazipiti bila Ichabba. Anafika na baiskeli, anakaa kwenye ngazi, mume wangu anakaa ngazi moja juu yake, kati yao sinia ya tambuu na popoo. Sisi ni Wabrahmani, ukoo wa makuhani wa Kihindu usiochangia vyombo na wengine, na yeye Mwislamu, na wakati huo mama mkwe wangu alikuwa hai. Kikombe cha Ichabba kilikaa peke yake kwenye kijirafu cha nje. Nilikuwa naona haya. Yeye mwenyewe ndiye aliyekiosha na kukirudisha.

"Usihuzunike, dada," aliniambia siku moja. "Kikombe changu kina chumba chake. Vyenu vinalala vinasongamana kama abiria."

Alikuwa anatumia mkono wa kushoto, na hilo nalo mama mkwe hakulipenda.

"Wewe Ichabba, mkono huo!"

"Mama, wa kulia ni wa kulia chakula tu. Kazi inafanywa na huu."

Mama mkwe aligeuza uso asionekane anacheka.

Mwaka ule watu walipotembea mwezini, redio ya hotelini iliwekwa juu ya meza na mji mzima ukasimama kuisikiliza. Watu walipoanza kusema kwamba wenzetu wa mbali wametuacha nyuma, mume wangu alishindwa kunyamaza. Akasema kwamba habari za kuruka angani si ngeni, zimo katika vitabu vyetu vya kale. Watu wakapiga makofi, akalipiwa kahawa, nami nikadhani mambo yameishia hapo.

Jioni Ichabba alikuja, hakugusa tambuu.

"Mwalimu, yale ya hotelini ulikuwa unapiga soga, au yameandikwa?"

"Yameandikwa. Kuna kitabu cha zamani cha wajenzi, na ndani yake mna beti chache. Kinasema juu ya ndege mkubwa wa mbao nyepesi, tumboni mwake chungu cha zebaki, chini ya chungu moto. Mtu anaingia ndani, anapaa."

"Basi nisomee. Wewe soma, mimi naunda."

Mume wangu alicheka. Ichabba hakucheka.

"Nasema kweli. Mimi shule sikwenda. Maisha yangu yote nashika mashine zilizobuniwa na watu nisiowajua, naambiwa zibe hapa, kaza pale. Kama kuna moja iliyobuniwa na wazee wa nchi hii, nataka niiguse kabla sijafa. Soma."

Akamsomea, kwanza kwa Kisanskriti, kisha kwa lugha yetu. Ichabba alifumba macho. Beti zilipokwisha akafumbua.

"Enhe. Na chungu kinafungwaje? Mvuke unatokea wapi? Anageukaje?"

"Hapo kitabu kinanyamaza. Mwandishi anasema ameficha namna ya kuunda, kwa makusudi."

Ichabba akatazama viganja vyake. Namfahamu mume wangu: hangeuacha uso ule wa rafiki yake uondoke hivyo.

"Labda," akasema polepole, "kuna kitabu kingine. Nitatafuta."

Asubuhi nilimkuta amekaa na kalamu, mdomo unacheza, vidole vinahesabu silabi. Niliishi na mtu huyo miaka mingi; najua anaponukuu na najua anapotunga.

"Baba Girija, hicho kitabu kingine umekipata wapi?"

Hakuinua kichwa. "Mama Girija, mchuzi wako unaungua."

"Sijaweka mchuzi motoni."

Akaweka kalamu chini, akanitazama kama mtoto. "Umemwona jana? Nimwambie hakuna? Namsaidia kidogo tu. Akili anayo yeye, mimi nampa maneno."

Ndivyo ilivyokuwa wiki baada ya wiki. Ichabba anauliza, mume wangu anasema atatafuta, na kesho yake beti ipo. Nasi mioyo ilitutulia kwa namna ya ajabu. Beti zenyewe zilikuwa nzuri. Nasema hivi mimi niliyelelewa na baba msomi: zilikuwa nzuri kuliko chochote alichowahi kuandika kwa jina lake. Alizipenda hata akawapa wanafunzi wake wakubwa wazikariri, kwa ajili ya mizani, bila kuwaambia zimetoka wapi. Alipopita njiani alisikia vijana wakiziimba mtoni, akarudi nyumbani amevimba kichwa.

Ndege wao alichipuka nyuma ya zizi la ng'ombe. Mbavu zake zilikuwa za mianzi, mabawa ya yale makumbi mapana makavu ya majani yanayoanguka kutoka kwenye mipopoo, tunayoyakata kuwa sahani. Hapakuwa na cha kutengenezea tumbo. Siku moja naingia bafuni nawakuta wote wawili wamechuchumaa mbele ya pipa langu la shaba, lile la kuchemshia maji ya kuoga, nililotoka nalo kwa mama yangu.

"Lina mviringo mzuri sana," alisema Ichabba, analigonga kwa kidole.

"Ondokeni humu."

"Dada, likipaa utakuwa wa kwanza kupanda."

"Mimi nitaogea nini, mawingu?"

"Tutalirudisha," mume wangu akasema, na sauti yake ikanijulisha kwamba pipa limekwisha kwenda.

Mwezi mzima tulioga maji ya sufuria. Lakini nikuambie jambo: sijawahi kuiona nyumba hii ikiwa na furaha kama mwezi ule. Mume wangu alikuwa anashona makumbi kwa sindano ya magunia, anajichoma, anacheka. Mama mkwe alikuwa anabebwa pamoja na kiti chake hadi zizini ili aone, na alikuwa akitoa amri. Ndiye aliyeniambia siku moja, bila kunitazama, niache kukitenga kile kikombe kwa kuwa nje kinaingia wadudu.

Walilijaribu lile pipa alasiri moja ya kiangazi. Zebaki waliyoipata ilikuwa haijazi hata kijiko, kwa hiyo Ichabba akasema waanze na maji, waone nguvu ya mvuke. Alikuwa ameweka bomba la kutolea mvuke, na beti ya mume wangu ilisema lifungwe kabisa mpaka chungu kitoe mlio kama wa nyuki. Waliwasha moto. Nilisimama mlangoni na Girija. Ichabba aliinama karibu, sikio limeelekezwa kwenye shaba, anasubiri nyuki.

"Bado?" mume wangu aliuliza.

"Bado. Kinanguruma tu."

"Fungua basi, Ichabba."

"Beti imesema nyuki. Subiri."

Sikusikia nyuki. Nilisikia kishindo kilichoangusha vigae, na kifuniko cha pipa nikakiona kinapita juu ya paa, juu ya minazi, kinazunguka kinametameta, mpaka kikaanguka kwenye ziwa la hekalu. Mvuke ulipotawanyika Ichabba alikuwa amekaa chini, ameshika mkono wake wa kushoto. Ngozi ilikuwa imebabuka kutoka kiwikoni hadi vidoleni.

Alilala nyumbani kwake muda mrefu. Mume wangu alikwenda kila siku na mafuta, maziwa na ndizi, na kila siku alirudi mwembamba zaidi. Mwishowe nikaenda naye. Aisamma, mkewe Ichabba, alitukaribisha, akatuwekea mkeka. Ichabba alikuwa amejilaza, mkono umefungwa majani.

"Sijaelewa bado," alisema alipotuona. "Kila kitu nilikifuata. Au nyuki wa zamani walikuwa na sauti nyingine? Mwalimu, hebu nisomee tena ile beti."

Mume wangu akasogea karibu naye kwenye mkeka. Kisha akasema, "Hakuna kitabu."

"Kipi?"

"Hicho cha pili. Beti zile nimetunga mimi. Na huyo nyuki, Ichabba... mstari ulipungua silabi. Niliweka nyuki kujaza mizani."

Nje kuku walikuwa wanaparua. Aisamma alisimama na birika mkononi. Ichabba akageuka, akaelekeza uso ukutani.

"Dada," aliniambia mimi, bado amegeuka, "mpeleke nyumbani."

Masika mawili yalipita. Baiskeli ya Ichabba ilipita barabarani bila kupunguza mwendo. Mkono ulipona, ila vidole viwili vilibaki vimekunjamana. Mume wangu aliendelea kukaa barazani jioni, sinia ya tambuu mbele yake, na hakutafuta mwenzi mwingine wa kuongea. Darasani alibadilika. Aliwaambia wanafunzi watenge kabisa: hiki ndicho kitabu kinachosema, na hapa ndipo kinaponyamaza, na kinaponyamaza nanyi mnyamaze. Wazazi wengine walinung'unika kwamba amekuwa mkavu.

Ndipo akaja mhadhiri kutoka mji mkubwa. Alikuwa anazunguka nchini akihutubia juu ya maarifa yaliyopotea ya wazee wetu, na ukumbi wa shule ulijaa hadi madirishani. Alikuwa mtu mzuri, mwenye sauti tamu, na nusu ya aliyosema ilikuwa kweli. Kisha akasema amebahatika kupata beti za kale sana, za maelfu ya miaka, zinazoeleza chombo cha angani kipengele kwa kipengele. Akaanza kuziimba.

Nilimshika mume wangu mkono. Mwanafunzi wake mmoja aliyehamia huko mbali alikuwa ameondoka nazo kichwani, na sasa zilikuwa zimerudi na ndevu za mvi.

Zilipofika kwenye nyuki, mume wangu alisimama.

"Samahani, mheshimiwa. Beti hizo ni nzuri, na nashukuru kwa ulivyoziimba. Lakini si za kale. Nilizitunga mimi, nyumbani kwangu."

Mhadhiri akatabasamu.

"Mwalimu, unyenyekevu wako unapendeza. Lakini lugha hii, mizani hii! Hivi kweli mtu wa leo anaweza kutunga hivi?"

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mume wangu alisimama katikati ya kicheko hicho, amesifiwa na kukanushwa kwa pumzi moja. Nadhani katika maisha yake yote hakuwahi kutamani hivyo kuitwa mshairi mbaya.

"Nisikilizeni," akasema. "Wazee wetu waliona mwewe wakatamani, wakaandika tamaa yao kwa uzuri usio na mfano. Tuna sarufi yao, hesabu zao, elimu yao ya nyota, hizo ni za kweli, tujivunie hizo. Lakini chombo hiki hawakukiunda. Hata mimi sikukiunda. Kiliunguza mkono wa rafiki yangu."

"Kaa chini, Mwalimu!" mtu alipaza sauti nyuma. "Unaaibisha mji!"

Ndipo nikasikia sauti niliyoikosa masika mawili. Ilitoka mlangoni, palipokuwa na viatu.

"Mheshimiwa, samahani. Mimi Kisanskriti sikijui, mimi fundi tu. Ila nataka kuuliza. Katika hizo beti, bomba la mvuke liko upande gani?"

Mhadhiri akatazama karatasi yake. "Kushoto. Imesemwa wazi, kushoto."

"Unajua kwa nini?" Ichabba akainua mkono wake wenye kovu juu ya vichwa vya watu. "Kwa sababu mimi natumia huu. Nilimlalamikia Mwalimu kwamba kulia silifikii vizuri. Kesho yake likahamia kushoto. Alinitungia mimi."

Watu wakageuka kutazama, wengine wakaanza kucheka kweli sasa, na mama mkwe, aliyekuwa amebebwa hadi mstari wa mbele, akasema kwa sauti, "Mkono ule! Nilisema mimi!"

Mhadhiri hakuyumba. Alisubiri kicheko kitulie, akakunja karatasi yake. "Huenda na wahenga walikuwa wa mkono wa kushoto," akasema, na ukumbi ukampigia makofi marefu.

Hatukungoja mwisho. Nje kulikuwa na manyunyu. Mume wangu alikuwa anatafuta viatu vyake na havioni kwa machozi. Ichabba akainama, akaviokota, akamwekea miguuni.

"Sijakusamehe bado," alisema. "Nimekuja kwa sababu Aisamma alisikia sokoni kwamba kuna mgeni anayeimba mambo ya mapipa."

"Sawa," mume wangu akasema.

"Mkono si kitu. Mkono umepona. Wewe uliniacha nikaamini."

"Najua."

"Zile nyingine ulizonisomea, za kwanza kabisa. Za ndege wa mbao. Zile ni za kweli?"

"Za kweli. Zimo kitabuni kama nilivyokusomea, bila neno la kuongeza."

Ichabba alitembea kidogo, anasukuma baiskeli. "Basi kuna mtu zamani alikaa akaliwaza jambo lile lile ninaloliwaza mimi, na yeye hakujua mvuke utokee wapi."

"Nadhani hakujua. Ndiyo maana akasema ameficha."

Ichabba akaanza kucheka. Alicheka hadi akaiegemeza baiskeli kwenye ukuta wa hekalu. "Mjanja! Fundi hasa yule. Nami wateja nawaambia hivyo hivyo." Na mume wangu naye akacheka, nami nikatangulia, maana niliona sasa hawanihitaji.

Baada ya hapo walikaa pamoja miaka mingi. Kila kitu alichosomewa, Ichabba aliuliza kwanza, "Yako au yao?" na mume wangu akajibu bila kusita. Mtu aliyekuwa hawezi kumwacha mgeni bila jibu alijifunza kusema "sijui" na akawa analisema kwa fahari, hata pale alipojua.

Badruddin, mtoto wa mwisho wa Ichabba, alipopata kazi ughaibuni, tulikwenda sote kumsindikiza uwanja wa ndege kule juu ya kilima. Alikuwa apande ndege hadi Bombay, kisha avuke bahari. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa ameiona ndege kwa karibu. Aisamma alikuwa amepika mikate ya mchele na samaki, mimi nilibeba fenesi la kukaanga, na baada ya kijana kuingia ndani tulikwenda kusimama kwenye uzio na wasindikizaji wengine. Aisamma alikuwa analia kimya kimya ndani ya shela yake.

Ndege ilivuta pumzi, ikaanza kukimbia. Ichabba alikuwa ameshika waya za uzio, ameinamisha kichwa upande mmoja. Mvi zilikuwa zimemjaa. Ilipoachana na ardhi watu wakapunga mikono, na yeye hakupunga. Alikuwa bado anasikiliza.

"Ikoje?" mume wangu alimuuliza.

"Iko sawa. Injini zote mbili ziko sawa." Akaziachia waya za uzio. "Atafika, Mwalimu. Atafika salama."

Tulisimama mpaka ilipokuwa haionekani. Kisha mume wangu akasema njaa inamuuma, tukatandika shuka chini ya kivuli cha ukuta, tukafungua vyakula vyetu. Aisamma hakutaka kula. Nilimkatia kipande cha mkate, nikamshikisha mkononi, na baada ya muda akakitia mdomoni.